Mto Ruvubu na Mizani ya Walimwengu

Barabara ya kutoka Gitega kwenda Muyinga, ukipitia Karuzi, inauvuka mto Ruvubu. Mwezi Januari 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano, ambayo Warundi wengi huiita CVR, ilianza kufukua makaburi ya halaiki kando ya mto huo, upande wa Karuzi. Katika wiki chache yalipatikana mabaki ya watu zaidi ya 6,000. Mifupa haikuwa na majina, lakini vitu vilivyolala nayo vilikuwa na wenyewe: miwani, rozari, vipande vya nguo ambavyo baadhi ya jamaa waliweza kuvitambua baada ya miaka 48. Waliozikwa hapo waliletwa kwa malori mwaka 1972, wengi wao wakitokea Gitega.

Mbele kidogo, mto huo huo unapoingia katika mbuga ya Ruvubu kuelekea upande wa Muyinga, maiti zilionekana tena majini mwaka 2006. Safari hii watu waliotoweka walikuwa wapatao 30, waliokamatwa kwa kushukiwa kuwa wafuasi wa kundi la waasi la FNL na kupelekwa katika kambi ya kijeshi ya Mukoni.

Mto ni mmoja, na nchi ni moja. Mara ya kwanza ilikuwa serikali ya kijeshi iliyoongozwa na Watutsi, mara ya pili serikali iliyochaguliwa na kuongozwa na Wahutu. Mhadhara huu, ulioandikwa kwa ajili ya wasikilizaji wa Gitega na Muyinga, unauliza swali moja: dunia ilisema nini mara hizo mbili, na kwa nini? Jibu lake linafika mbali zaidi ya Burundi. Linahusu undumilakuwili wa kisiasa, yaani tabia ya serikali kupima maovu ya serikali nyingine kwa mizani inayobadilika kulingana na nani ni rafiki na nani ni adui.

Mkulima wa kahawa wa Gitega au Muyinga hahitaji kufundishwa jambo hili. Msimu wa mavuno anafika kituoni na gunia la kahawa nyekundu, analiweka juu ya mizani, na macho yake hayaendi kwenye uso wa mpimaji. Yanakwenda kwenye mshale. Siku atakapogundua kwamba mshale unasimama hapa kwa gunia lake na pale kwa gunia la shemeji wa karani, ilhali uzito ni ule ule, atajua ameibiwa hata kama kila mtu kituoni anamsalimu kwa heshima.

Mwaka ambao kahawa iliendelea kununuliwa

Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka kusini mwa Burundi, maeneo ya Rumonge na Nyanza-Lac. Waasi wa Kihutu waliwaua Watutsi, wanawake na watoto wakiwemo. Usiku huo huo Mwami Ntare V, aliyekuwa amerejea nchini mwezi uliotangulia akitokea Uganda kwa ahadi kwamba maisha yake yangekuwa salama, aliuawa akiwa kizuizini Gitega. Serikali ya Michel Micombero ikajibu kwa kuwasaka Wahutu, hasa waliosoma: walimu, wauguzi, makarani, wanafunzi, wafanyabiashara. Waliitwa majina, wakapakiwa kwenye malori, hawakurudi. Makadirio ya waliouawa ndani ya miezi michache ni kati ya 100,000 na 300,000. Warundi wanakiita kipindi hicho Ikiza.

Dunia haikukosa habari. Mabalozi walikuwepo Bujumbura, na wamisionari walikuwa wakiandika. Waziri Mkuu wa Ubelgiji, Gaston Eyskens, aliliambia baraza lake la mawaziri mwezi Mei kwamba kilichokuwa kikitendeka Burundi ni mauaji ya kimbari. Mwezi huo huo Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Diallo Telli wa Guinea, alifika Bujumbura na kutangaza mshikamano na Micombero. Mwezi Juni viongozi wa Afrika walikutana Rabat, na ujumbe uliotoka huko ulikuwa wa kumuunga mkono rais huyo kwa juhudi zake za kurejesha amani. Kanuni ya kutoingilia mambo ya ndani ya nchi mwanachama ilihesabiwa kuwa nzito kuliko malori yaliyokuwa njiani kuelekea Ruvubu.

Mwisho wa Diallo Telli mwenyewe haufai kusahauliwa. Miaka minne baadaye alikamatwa nyumbani kwao na serikali ya Sékou Touré, na mwaka 1977 alikufa katika gereza la Camp Boiro, Conakry, kwa kunyimwa chakula na maji. Ile kanuni ya kutoingilia mambo ya ndani, aliyoitetea Bujumbura, ndiyo iliyowafunga midomo marais wenzake alipokuwa akifa.

Marekani nayo ilikuwa na fimbo mkononi. Kahawa ilikuwa ndiyo iletayo sehemu kubwa ya fedha za kigeni za Burundi, na Wamarekani ndio waliokuwa wanunuzi wakubwa kabisa. Watafiti wa taasisi ya Carnegie waliochunguza jambo hilo mwaka uliofuata walihoji kwa nini fimbo hiyo haikutumika. Kahawa iliendelea kununuliwa, na Washington ikakaa kimya hadharani.

Kuna waraka mmoja wa Septemba 1972 unaoonyesha jambo hili kwa karibu sana. Rais Richard Nixon, baada ya kusoma taarifa kuhusu Burundi, aliandika maneno makali kwa mkono wake pembeni mwa karatasi. Alilalamika kwamba Biafra, jimbo lililokuwa limejitenga na Nigeria, iliwagusa Wamarekani kwa sababu ya Wakatoliki, kwamba maafa mengine yaliwagusa kwa sababu ya makundi mengine yenye sauti, lakini watu 100,000 wakiuawa katika nchi ya watu weusi, serikali yake haisemi wala haitendi neno. Alikuwa amesema kweli. Lakini mwaka mmoja tu kabla ya hapo, jeshi la Pakistan lilipokuwa likiwaua Wabengali, balozi mdogo wa Marekani mjini Dhaka, Archer Blood, alituma simu ya maandishi ya Aprili 1971 akipinga kimya cha serikali yake. Nixon hakumsikiliza, kwa kuwa Rais Yahya Khan wa Pakistan alikuwa anamfungulia njia ya kwenda China. Blood aliondolewa Dhaka. Mtu aliyeuona undumilakuwili wa wizara yake kuhusu Burundi alikuwa ameutenda mwenyewe kuhusu Wabengali.

Mwezi Agosti 1972, makaburi ya Karuzi yakiwa bado mabichi, Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Dhuluma ile ilikuwa ya kweli: watu waliporwa nyumba, maduka na uraia. Magazeti ya London yaliandika habari hizo kila siku, na serikali ya Uingereza ikapiga kelele katika kila jukwaa, kwani wengi wa waliofukuzwa walikuwa na pasipoti zake. Kelele zile zilistahili. Swali ni kwa nini wafu wa Gitega hawakupata hata robo yake. Hawakuwa na pasipoti ya mtu yeyote mwenye nguvu.

Nyerere na kiti kilichobaki wazi Kampala

Si viongozi wote walionyamaza. Rais Julius Nyerere wa Tanzania alikuwa ameshaonyesha mwaka 1968, alipoitambua Biafra, kwamba hakubali mipaka ya nchi iwe pazia la kufichia maiti. Mwaka 1975 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipopanga kukutana Kampala na kumpa Amin uenyekiti, Tanzania, Zambia na Botswana zilikataa kwenda. Serikali ya Tanzania ilitoa tamko lenye hoja iliyo wazi: Afrika inawalaani makaburu wa Afrika Kusini kwa kuwaua Waafrika, lakini inanyamaza muuaji anapokuwa Mwafrika, kana kwamba rangi ya muuaji inapunguza maumivu ya anayeuawa.

Hoja hiyo ina thamani kubwa kwa Burundi, ambayo jirani huyo aliwapokea wakimbizi wake wa 1972 katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Hata hivyo, haki inataka na Tanzania ipimwe. Makuli wa bandari ya Kigoma waligoma kugusa mizigo ya Burundi mwaka 1973, mwaka mmoja baada ya Ikiza, pale jeshi la Burundi lilipovuka mpaka na kuwaua watu katika vijiji vya Tanzania. Ule mgomo ulikuwa wa haki, na uliiuma serikali ya Micombero kweli kweli. Ulikuja, hata hivyo, damu ilipomwagika upande wa pili wa mpaka.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Kwa kawaida serikali haidanganyi kuhusu ubaya inaoutaja. Inachagua ubaya wa kuutaja. Amin alikuwa muuaji kweli, na makaburu walikuwa wadhalimu kweli. Uongo haumo ndani ya shutuma, umo katika orodha ya waliorukwa.

Muyinga 2006, Bujumbura 2015

Katikati ya mwaka 2006 Burundi ilikuwa kipenzi cha wafadhili. Vita vilikuwa vimekaribia kwisha, uchaguzi ulikuwa umefanyika mwaka uliotangulia, na Rais Pierre Nkurunziza alipokewa kwa heshima kila mahali. Mwezi Juni mwaka huo Tume mpya ya Umoja wa Mataifa ya Kujenga Amani ilizichagua Burundi na Sierra Leone kuwa nchi zake mbili za kwanza, na baadaye mfuko wake ukatenga dola milioni 35 kwa ajili ya Burundi. Ni katika miezi hiyo hiyo watu wa Muyinga walipokamatwa, na maiti zikaanza kuonekana Ruvubu.

Mashirika ya haki za binadamu, ya nchini na ya nje, yalisema. Wafadhili walieleza wasiwasi wao, na misaada ikaendelea. Nchi iliyokuwa mfano wa mafanikio haikutakiwa kuwa na mto wenye maiti. Desemba 2007 wanajeshi wa kwanza wa Burundi walitua Mogadishu kulinda amani, na sifa zikaongezeka. Ni mwaka 2008 tu ndipo mahakama ya kijeshi ilipowatia hatiani wanajeshi zaidi ya 10 kwa mauaji yale. Afisa wa ngazi ya juu aliyetajwa kuwa mshukiwa mkuu alikuwa amekwisha kuikimbia nchi.

Kisha ukaja Aprili 2015, Nkurunziza akatangazwa kugombea muhula wa tatu. Maandamano yakazuka, jaribio la mapinduzi la tarehe 13 Mei likashindwa, watu wakauawa Bujumbura mtaa kwa mtaa, na zaidi ya 400,000 wakaikimbia nchi katika miaka iliyofuata. Safari hii dunia ilisema kwa sauti. Marekani iliweka vikwazo Novemba 2015. Umoja wa Ulaya, uliokuwa umetenga euro milioni 432 kwa ajili ya Burundi kwa miaka ya 2014 hadi 2020, ulisitisha msaada wa moja kwa moja kwa serikali Machi 2016.

Mrundi aliyefuatilia redio alikuwa na haki ya kulinganisha. Machi 31 ya mwaka huo huo wa 2015 Marekani iliirudishia Misri silaha ilizokuwa imezizuia, baada ya vikosi vya usalama kuwaua waandamanaji zaidi ya 800 kwa siku moja katika uwanja wa Rabaa, Cairo, Agosti 2013. Oktoba 2015 Rais François Hollande wa Ufaransa alisema kwamba Denis Sassou Nguesso wa Kongo-Brazzaville ana haki ya kuwauliza wananchi wake kuhusu katiba itakayomwezesha kuendelea kutawala. Desemba Rwanda ilibadilisha katiba yake kwa kura ya maoni, Marekani ikasema imesikitika, misaada ikaendelea. Kahawa ya Burundi haitikisi dunia kama Mfereji wa Suez wa Misri au mafuta ya Pointe-Noire ya Kongo-Brazzaville.

Hata kuhusu Burundi yenyewe mizani zilikuwa mbili. Jeshi lililolaumiwa nyumbani liliendelea kuwa na askari zaidi ya 5,000 Somalia, na Umoja wa Ulaya uliendelea kugharamia posho zao. Ubishi mkubwa ulihusu fedha hizo zipitie akaunti gani, hadi makubaliano yalipopatikana Januari 2017. Miaka minne baadaye, Septemba 2021, Tume ya Uchunguzi ya Umoja wa Mataifa ilisema hali ya haki za binadamu Burundi bado ni mbaya sana, licha ya ahadi za Rais Évariste Ndayishimiye. Februari 2022 Umoja wa Ulaya uliondoa hatua zake ukisema kuna maendeleo. Huenda kila upande ulikuwa na vipande vyake vya ukweli. Lakini kwa mtu aliyekuwa bado anamtafuta ndugu yake aliyetoweka, hakuna kilichokuwa kimebadilika kati ya Septemba na Februari.

Hoja ya "mbona wao?"

Mambo haya yote yamewapa watawala hoja tamu: kama wenye kushutumu ni wanafiki, basi shutuma zao ni uongo. Burundi iliitumia ilipojitoa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai tarehe 27 Oktoba 2017, ikidai mahakama hiyo inawaandama Waafrika. Lalamiko la upendeleo lina msingi. Machi 2023 mahakama hiyo ilipotoa hati ya kumkamata Vladimir Putin, Marekani ilisema hatua hiyo ni ya haki. Novemba 2024 ilipotoa hati dhidi ya Benjamin Netanyahu, Marekani hiyo hiyo iliilaani, na mwaka uliofuata ikawawekea vikwazo maafisa wa mahakama hiyo.

Lakini hatua ya pili ya hoja haifuati ya kwanza. Karani anayempunja mkulima mmoja hafanyi gunia la mwingine kuwa tupu. Unafiki wa Washington au Brussels hauwafufui waliouawa Bujumbura mwaka 2015, wala hauwatoi waliotupwa Ruvubu mwaka 2006. Unachothibitisha ni kwamba walio wengi zaidi wanastahili kutajwa, na hao ni wafu wa Rabaa, wa Gaza, wa Mariupol na wa Muyinga pamoja.

Na wanaolalamika nao wapimwe. Mwaka 2019 serikali kadhaa zilitia saini barua ya kuunga mkono sera ya China huko Xinjiang, ambako Waislamu wa jamii ya Wauyghur wamefungwa kwa wingi. Burundi ilikuwa miongoni mwazo, pamoja na Saudi Arabia na Pakistan. Novemba mwaka huo huo Gambia, ikiungwa mkono na Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu, iliishtaki Myanmar katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki kwa mateso ya Waislamu wa Rohingya. Waumini wa misikiti ya Muyinga waliowaombea Warohingya wana haki ya kuuliza ni kwa nini Mwislamu wa Kashgar, huko Xinjiang, hakuombewa. China inajenga barabara na inakopesha. Myanmar haimkopeshi mtu.

Mashariki mwa Kongo pia mizani inachezewa. Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zilikwisha kueleza msaada wa Rwanda kwa waasi wa M23, na bado Umoja wa Ulaya ulitoa euro milioni 20 mara mbili, Desemba 2022 na Novemba 2024, kwa ajili ya jeshi la Rwanda lililoko Msumbiji. Goma ikaanguka Januari 2025. Ni hapo, Februari 2025, Baraza la Usalama lilipolitaja jeshi la Rwanda kwa jina katika azimio lake namba 2773. Lakini wanajeshi wa Burundi nao walipelekwa Kivu Kusini kwa makubaliano na Kinshasa, na raia wa Uvira na Fizi wanastahili kwamba matendo ya wanajeshi hao yachunguzwe kwa ukali ule ule. Tangu Januari 2024 Burundi ina kiti katika Baraza la Haki za Binadamu mjini Geneva, na mwenye kiti cha hakimu hawezi kukwepa swali hilo.

Kabla ya kufika Gitega

Anayetoka Bujumbura kwenda Gitega anapita Kibimba. Hapo, kando ya barabara, kuna ukumbusho wa wanafunzi wa Kitutsi walioteketezwa kwa moto katika kituo cha mafuta Oktoba 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa na wanajeshi. Tume ya kimataifa iliyoundwa na Baraza la Usalama ilihitimisha mwaka 1996 kwamba vitendo vya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi vilitendeka mwezi huo.

CVR ilianza na 1972, na Desemba 2021 ilitangaza kwamba mauaji ya mwaka ule yalikuwa ya kimbari dhidi ya Wahutu. Kwa familia zilizonyimwa hata haki ya kulia kwa karibu nusu karne, tangazo hilo lilikuwa jambo kubwa, na walipaswa kulipata mapema zaidi. Wakosoaji wanasema tume imetumia nguvu nyingi kwa kipindi kimoja na kidogo kwa mauaji ya 1988, ya 1993 na kwa vita vilivyofuata. Katika vita hivyo, kwenye tarafa ya Itaba, mkoani Gitega, jeshi la Burundi liliwaua raia zaidi ya 170 tarehe 9 Septemba 2002, na maafisa wawili waliofikishwa mahakamani walipewa miezi minne.

Ruvubu, Kibimba, Itaba na Mukoni ziko katika nchi moja, na mtu anaweza kuzizungukia kwa siku mbili tatu akiwa na gari. Akianzia Kibimba asubuhi atasoma maneno ya ukumbusho kwa Kifaransa: *Plus jamais ça*, yasitokee tena. Akiteremka Karuzi atafika kingo za mto ambako miwani na rozari zilifukuliwa. Akimalizia Muyinga atakutana na familia ambazo jamaa zao waliingia kambini mwaka 2006, na hakuna jiwe lenye majina yao. Tume ingeweza kuanzia hapo mwaka huu, bila kungoja Brussels wala Washington, kwa kuyaandika majina hayo yapatayo 30 katika daftari lile lile lenye majina ya 1972 na ya 1993.